Kabla Hujasema Karafuu Inatuliza Uvimbe

Mwongozo huu ni wako wewe uliyepata nafasi katika maabara ya chuo, una kichupa cha kiambato kilichotoka kwenye mmea, na unataka kujua kama kweli kinatuliza uvimbe. Nitatumia eujenoli ya karafuu kama mfano mwanzo hadi mwisho, kwa sababu kwetu inajulikana. Mafuta ya karafuu hutiwa kwenye jino linalouma, na madaktari wa meno huchanganya eujenoli na oksidi ya zinki kupata saruji ya kuzibia jino kwa muda. Kisiwani Pemba, katika kiwanda cha Wawi, Chake Chake, makonyo yanayobaki karafuu zikishachambuliwa hukenekwa yakatoa mafuta ambayo sehemu yake kubwa ni eujenoli. Malighafi ipo, desturi ya kuitumia ipo, na swali lako ni la haki kabisa.

Uvimbe ninaousema hapa ni ule wa wekundu, joto na maumivu, yaani kinga ya mwili ikiwa kazini. Na jambo ninalotaka ulishike kabla hujagusa pipeti ni kwamba katika majaribio ya aina hii jibu la "ndiyo, inatuliza" hupatikana kwa urahisi mno. Seli zikifa, dalili za uvimbe hupungua. Kiambato kikiwa kichafu, zinaweza kupungua vilevile. Kikigombana na kemikali za kipimo, namba zitashuka hata kama seli hazikuhisi chochote. Kwa hiyo muda mwingi wa kazi yako uutumie kuziba njia ambazo ndiyo ya uongo inaweza kupitia.

Seli na kichokoo

Seli zinazotumika zaidi ni makrofaji za panya ziitwazo RAW 264.7, zilizoelezwa mwaka 1978, asili yake ikiwa saratani iliyosababishwa kwa panya na virusi vya leukemia vya Abelson. Hukua haraka, hazina gharama kubwa, na hujibu kwa nguvu. Zikuze kwenye midia ya DMEM yenye seramu ya ndama asilimia 10, nyuzi 37, kaboni dioksidi asilimia 5. Zibandue kwa kukwangua taratibu. Ukizigandisha, andika zimehamishwa mara ngapi, na zikikaribia mara 30 zitupe ufungue kichupa kipya, maana seli hizi zikizeeka mikononi mwako hubadilika tabia kimyakimya. Umeme ukikatika usiku na inkubeta ikapoa, usizitumie kesho yake hata kama chini ya hadubini zinaonekana nzima. Zihamishe mara mbili kwanza, ndipo uzirudishe kazini.

Kabla ya jaribio la kwanza, zipime mikoplazma kwa PCR. Bakteria hawa hawana ukuta wa seli, ni wadogo kiasi cha kupenya baadhi ya vichujio, hawachafui midia ukaona, na protini zao zenye mafuta huchokoza makrofaji moja kwa moja. Maabara isiyopima mikoplazma inaweza kuchapisha matokeo ya mikoplazma kwa miaka.

Kichokoo cha kawaida ni LPS, kipande cha ukuta wa nje wa bakteria kama E. koli. Kipokezi chake ni TLR4. Timu ya Bruce Beutler nchini Marekani ilionyesha hivyo mwaka 1998 kwa kutumia panya wasioitikia LPS, na kazi hiyo ikamletea sehemu ya Tuzo ya Nobel ya mwaka 2011. LPS ikishikwa, ishara hupita hadi kwenye protini ya NF-κB, ambayo huingia kwenye kiini cha seli na kuwasha jeni za uvimbe. Makrofaji huanza kumwaga saitokini za TNF na IL-6, na kutengeneza kimeng'enya cha iNOS kinachozalisha oksidi ya nitriki. Hivyo vitatu ndivyo utakavyovipima.

Usinakili dozi ya LPS kutoka makala ya mtu mwingine. Jaribu kuanzia nanogramu 1 hadi 1,000 kwa mililita, uchague ile inayotoa takriban asilimia 80 ya mwitiko wa juu kabisa. Ukizichokoza seli kupita kiasi, kiambato chenye nguvu ya wastani hakitaonekana. Kwa RAW 264.7, nanogramu 100 kwa mililita mara nyingi hutosha.

Eujenoli yenyewe

Ukinunua eujenoli ya asilimia 99, dai cheti cha ukaguzi cha chupa hiyo hiyo. Ukitaka kuitoa mwenyewe kwenye mafuta ya makonyo, kemia yake ni ya kupendeza. Eujenoli ni fenoli, hivyo ukitikisa mafuta na mmumunyo wa hidroksidi ya sodiamu, eujenoli huingia kwenye maji na kariofilini, kiambato kingine cha mafuta hayo, hubaki kwenye mafuta. Tenganisha, tia asidi kwenye maji, na eujenoli itarudi kuwa mafuta tena. Kisha ithibitishe kwa GC-MS na NMR. Kariofilini haipaswi kubaki hata kidogo cha kuhesabika, kwa sababu tangu mwaka 2008 tunajua kwamba beta-kariofilini hushika kipokezi cha CB2, na seli za kinga zina vipokezi hivyo. Ukiacha mchanganyiko, hutajua nani alifanya kazi.

Kama ulichukua makonyo shambani, hifadhi kielelezo cha mmea kwenye hebariamu na uandike namba yake. Kama sampuli inavuka mpaka, shughulikia vibali mapema. Itifaki ya Nagoya, iliyoanza kutumika mwaka 2014, inahusu haki za nchi na jamii juu ya rasilimali za kijenetiki kama hizi, na haki hizo zinastahili kulindwa na sisi wenyewe kwanza.

Eujenoli ina uzito wa molekuli 164.2. Tengeneza akiba ya milimola 100 kwenye DMSO, yaani miligramu 16.4 kwa mililita. Ukiipunguza mara 1,000 unapata mikromola 100, na DMSO inakuwa asilimia 0.1 tu. Kila kisima, pamoja na visivyo na eujenoli, kiwe na DMSO kiasi kile kile. Ukitaka kufika mikromola 300, tengeneza akiba nzito zaidi badala ya kuongeza DMSO. Akiba iwekwe kwenye kioo cheusi, kwa kuwa eujenoli nzito hula plastiki ya polistaireni na hubadilika kuwa ya kahawia ikikutana na hewa na mwanga. Tena ina mvuke. Harufu unayoisikia ukifungua chupa ni molekuli zinazosafiri, na kwenye sahani ya visima 96 zinaweza kusafiri hadi kisima jirani. Dozi kubwa zipange mbali na visima vya kulinganishia, au uziweke kwenye sahani yake. Visima vya pembezoni vitie maji ya chumvi tu, kwa sababu hukauka kuliko vya katikati.

Seli zikiwa zinakufa

Anza na sumu, na usiruke hatua hii hata siku moja. Panda seli 50,000 hadi 100,000 kwa kisima, ziache usiku kucha zijishikize, kisha tia eujenoli kwa mikromola 1, 3, 10, 30, 100 na 300. Nusu ya visima iwe na LPS na nusu isiwe nayo. Wengi hupima sumu ya kiambato peke yake, kisha wanapima uvimbe wakiwa wameongeza LPS, na hapo wameshalinganisha vitu viwili tofauti. Seli iliyochokozwa tayari ina shida zake, na dozi iliyovumiliwa na seli iliyotulia inaweza kuiua.

Kipimo cha kawaida ni MTT, kilichoelezwa na Tim Mosmann mwaka 1983. Seli hai hugeuza rangi ya njano kuwa fuwele za zambarau, unaziyeyusha, unasoma nanomita 570. Tatizo ni kwamba viambato vya mimea vyenye tabia ya kutoa elektroni hugeuza MTT vyenyewe bila seli yoyote kuwemo. Nimeona sahani ambayo visima visivyo na seli vilikuwa vya zambarau kuliko vyenye seli. Mtu asiyeweka visima hivyo angeandika kwamba kiambato chake kinazistawisha seli. Kwa hiyo weka safu moja ya kiambato na midia bila seli. Ikigeuka rangi, osha seli kwa maji ya chumvi kabla ya kutia MTT, au tumia kipimo kingine kabisa, kwa mfano cha LDH inayovuja kutoka seli zilizopasuka.

Mimi nasimamia asilimia 90 ya uhai. Dozi yoyote inayoshusha chini ya hapo haiingii kwenye mazungumzo ya uvimbe, hata kama mchoro wake unavutia kuliko yote. Na utazame seli kwa macho. Makrofaji za RAW zikichokozwa hutanuka na kutoa mikono, ilhali zinazokufa hujikunyata na kuelea. Dakika kumi za hadubini zinaweza kukuokolea wiki za kupima maiti.

Uchafu usioonekana

Hapa ndipo kazi nyingi za dawa za mimea zinapoharibikia, nami naomba uisome sehemu hii polepole.

LPS ipo kila mahali penye bakteria: kwenye majani, udongo, maji ya bomba, na hata maji yaliyosafishwa yakikaa tangini. Kuchemsha hakuiondoi. Otoklevu ya nyuzi 121 huua bakteria lakini huiacha LPS yao ikiwa hai kikazi. Kichujio cha mikromita 0.22 huipitisha. Vyombo vya kioo husafika kwa joto kavu la nyuzi 250 kwa dakika 30. Eujenoli iliyokenekwa ina bahati, kwa sababu LPS haigeuki mvuke hivyo hubaki nyuma mtungini, lakini inaweza kuchafuliwa tena na maji au vyombo vya baadaye. Ukifanya kazi na dondoo la maji la mlonge au mwarobaini badala ya eujenoli, chukulia kwamba lina LPS hadi uthibitishe vinginevyo.

Utasema uchafu huo utaongeza uvimbe, kwa hiyo utauona. Sivyo lazima. Makrofaji zikionja LPS kidogo, kisha saa kadhaa baadaye zikakutana nayo kwa wingi, mara ya pili hutoa TNF kidogo sana. Seli imezoea. Sasa fikiria utaratibu wa kawaida wa maabara zetu: tia dondoo leo, subiri saa 12 au 24, tia LPS, pima TNF. Dondoo chafu litaonekana limetuliza uvimbe vizuri ajabu, wakati lililofanya kazi ni bakteria waliooza ndani yake. Mgonjwa hatanufaika na lolote hapo, na sifa ya mmea itakuwa imejengwa juu ya uchafu.

Jilinde kwa njia tatu. Ya kwanza, weka visima vya kiambato pekee bila LPS na upime TNF. Ikipanda juu ya visima safi, kuna kitu ndani. Ya pili, rudia visima hivyo ukiwa umeongeza polimiksini B, antibiotiki inayoishika LPS na kuifunga. TNF ikitoweka, mkosaji umemjua. Polimiksini usiitie kwenye visima vya jaribio lenyewe, maana itaifunga LPS uliyoiweka kwa makusudi. Ya tatu ni kipimo cha limulus, kinachotokana na damu ya mnyama wa baharini wa pwani ya Marekani, Limulus polyphemus, ambayo huganda ikiguswa na endotoksini, yaani LPS. Hiki nacho kina mitego. Polifenoli zinaweza kukizima, na baadhi ya wanga wa mimea na kuvu, glukani, wanaweza kukiwasha bure. Tia kiasi unachokijua cha endotoksini kwenye sampuli yako uone kama kipimo kinakirudisha. Kikirudisha kati ya asilimia 50 na 200, unaweza kukiamini.

Siku ya jaribio

Tia eujenoli saa moja kabla ya LPS, kisha acha saa 24 kwa oksidi ya nitriki na IL-6. TNF hutangulia, hivyo andaa sahani nyingine utakayoivuna saa 4 hadi 6 baada ya LPS. Pembeni ya visima vyako weka vya deksamethasoni mikromola 1, dawa tunayojua kwamba hushusha saitokini hizi. Siku ambayo deksamethasoni haikushusha chochote, jaribio zima halihesabiki.

Oksidi ya nitriki haidumu. Huisha haraka na kuacha naitraiti, na hiyo ndiyo tunayoipima kwa njia ya Griess, ya mkemia Peter Griess aliyeielezea mwaka 1879. Ni kipimo cha bei nafuu ambacho maabara ndogo inaweza kukiandaa yenyewe. Chukua mikrolita 50 za midia ya juu ya seli, weka kwenye sahani safi. Ongeza mikrolita 50 za sulfanilamidi asilimia 1 iliyo kwenye asidi ya fosforiki asilimia 5. Funika na karatasi ya alumini dakika 10. Ongeza mikrolita 50 za NED asilimia 0.1. Visima vya LPS vitageuka waridi iliyokolea mbele ya macho yako, na visima visivyochokozwa vitabaki karibu bila rangi. Soma nanomita 540 ndani ya nusu saa, kabla rangi haijaanza kufifia. Mstari wa kulinganishia wa naitraiti ya sodiamu, kuanzia mikromola 100 kwenda chini kwa nusu nusu, utengeneze kwenye midia ile ile uliyokuzia seli, wala usitumie maji, kwa sababu midia ina rangi yake.

Kisha fanya ukaguzi ambao huchukua dakika chache na wengi hawaufanyi. Chukua midia isiyo na seli, tia eujenoli ya dozi yako kubwa, ongeza naitraiti mikromola 20, pima. Ukisoma 20, kipimo kiko huru. Ukisoma 12, kiambato kinameza rangi na hakijatuliza uvimbe wa mtu yeyote. Polifenoli zenye katekoli zina jambo lingine pia: kwenye DMEM hujioksidisha na kuzalisha peroksidi ya hidrojeni, kwa hiyo seli zinajibu peroksidi na wewe unaandika jina la mmea.

Kurkumini ya manjano ni somo linalotosha. Mwaka 2017 Kathryn Nelson na wenzake walipitia kemia yake kwenye Journal of Medicinal Chemistry, wakaeleza kwamba molekuli hiyo huvuruga vipimo vingi, huvunjika haraka, na kwamba licha ya majaribio zaidi ya 120 kwa wagonjwa, hakuna hata moja lenye upofu wa pande mbili na dawa bandia ya kulinganishia lililofaulu. Fedha na miaka iliyopotea hapo ingetosha kuchunguza mimea mingine mingi.

ELISA za TNF na IL-6 ni ghali, na vifaa vyake vinahitaji ubaridi njiani hadi vikufikie. Zihifadhi kwa dozi ambazo zimeshapita mtihani wa sumu, wa endotoksini na wa Griess. Visima vitatu vya sahani moja ni jaribio moja. Unahitaji angalau majaribio matatu ya siku tofauti, seli zikiwa za uhamisho tofauti, na hizo ndizo namba unazopeleka kwenye hesabu za takwimu. Umwombe mwenzako apange sahani moja bila kukuambia kipi ni kipi, usome ukiwa hujui.

Saitokini zikishuka kweli, badilisha muda. Tia eujenoli pamoja na LPS, kisha katika sahani nyingine itie saa mbili baada ya LPS. Mgonjwa huja akiwa tayari amevimba, kwa hiyo sahani ya mwisho ndiyo inayofanana naye zaidi. Badilisha na kichokoo pia, utumie Pam3CSK4 inayopitia TLR2. Eujenoli ikizuia LPS tu, huenda inaigusa LPS yenyewe au kipokezi chake. Ikizuia zote mbili, tafuta chini zaidi, kwenye NF-κB, ukivuna protini dakika 15 na 30 baada ya kuchokoza. Ukichelewa hadi saa moja, IκBα, kizuizi cha NF-κB kinachovunjwa seli ikichokozwa, inakuwa imeshaanza kujengwa upya na picha itakuchanganya.

Dozi na mwili wa mtu

Tuseme eujenoli yako inafanya kazi kwa mikromola 100. Hizo ni miligramu 16.4 kwa lita. Mtu mzima ana takriban lita 5 za damu, kwa hiyo miligramu 82 zingehitajika ziwe ndani ya damu pekee kwa wakati mmoja, wakati eujenoli inayomezwa huenea mwilini na huunganishwa haraka na asidi ya glukuroniki na salfeti, kisha kutoka kwa mkojo. Kudai kwamba chai ya karafuu itatuliza viungo vya mgonjwa wa baridi yabisi kwa sababu ya sahani yako ni kumdanganya mtu mwenye maumivu. Ikiwa dozi yako inayofanya kazi ni mikromola 3, mazungumzo ni mengine.

Lakini jino liko tofauti. Pale eujenoli hugusa tishu moja kwa moja, bila kupita kwenye ini, na viwango vikubwa vinafikika. Kwa kiambato hiki, swali la fizi lina maana kuliko swali la mwili mzima, na ningekushauri uelekeze huko hatua inayofuata. Tumia makrofaji za binadamu zilizokuzwa kutoka monositi za damu kwa M-CSF kwa siku sita au saba, baada ya kupata kibali cha kamati ya maadili na ridhaa ya watoa damu. Usizipime kwa Griess, kwa kuwa makrofaji za binadamu kwenye sahani hutoa oksidi ya nitriki kidogo mno. Pima TNF na IL-6. Na badala ya LPS ya E. koli, agiza ile ya Porphyromonas gingivalis, bakteria wa ugonjwa wa fizi. Chagua iliyosafishwa kwa kiwango cha juu kabisa, kwa sababu ile ya kawaida huja na protini zenye mafuta zinazowasha TLR2, na hapo itakubidi uanze upya kuuliza ni nini hasa eujenoli yako imezuia.